Mkono Uliozoea Kusubiri

Marubani wenzake walimwita Mzee wa Mafuta, na jina hilo halikumuudhi hata kidogo. Wakati mwingine alilitumia mwenyewe akipiga simu ofisi ya ratiba: "Mzee wa Mafuta hapa, nipangieni vizuri." Alilipata miaka kumi na miwili nyuma, alipokuwa mkuu wa mafunzo katika kampuni ya ndege aliyoitumikia zaidi ya nusu ya umri wake. Alikaa wiki tatu na kalamu na kikokotoo, akapitia safari elfu moja, akagundua kwamba ndege ikiendeshwa na otopailoti, yaani ule mtambo unaoshika usukani badala ya mtu, hula mafuta kidogo kuliko ikiendeshwa kwa mkono. Akaandika kanuni ya ukurasa mmoja. Otopailoti iwashwe ndege ikifika futi elfu moja, na isizimwe mpaka njia ya kutua iwe mbele ya pua kabisa. Mtambo wa kasi, ule unaosogeza vishikio vya injini vyenyewe mbele na nyuma, usizimwe hata siku moja. Kila safari ilirekodiwa, na rubani aliyejitia ubingwa aliitwa ofisini kunywa chai isiyo na sukari.

Msije mkadhani alikuwa mvivu au mtu asiyejua kurusha. Alianza na kindege cha kubeba vifurushi, injini mbili, redio moja inayokoroma, hakina mtambo wowote wa kumsaidia mtu. Alikiendesha miaka sita. Siku za upepo mkali watu wa uwanjani walikuwa wakiacha kazi zao na kutoka nje kumtazama akitua. Ndiyo maana alipoandika ile kanuni hakuna aliyembishia. Kama yeye, mwenye mkono ule, anasema mashine inatosha, mwingine aseme nini?

Sasa alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu, na katika maisha ya kazi alikuwa amebakiwa na haja moja tu. Binti yake wa mwisho alikuwa rubani msaidizi katika kampuni hiyohiyo, mwaka wa pili, ndege za aina ileile. Mzee alitaka kuruka naye mara moja, yeye kiti cha kushoto, binti kiti cha kulia, kabla hajavua kofia. Kampuni ilikubali na tarehe ikapangwa. Mpiga picha wa jarida la kampuni aliahidi kuja. Mkewe alishapeleka kitambaa kwa fundi cherehani, maana naye angepanda kama abiria. Kilichobaki ni mtihani wa kila miezi sita, ambao mzee alikuwa akiufaulu tangu binti huyo hajazaliwa, na hakuna mtu nyumbani aliyeuwazia.

Mtihani ulifanyiwa kwenye simuleta. Hicho ni chumba kizima cha marubani kilichowekwa juu ya miguu ya chuma, kompyuta ikakitikisa na kukiinamisha mpaka unasahau kwamba uko ndani ya jengo. Nyuma ya viti vya marubani hukaa mkaguzi na skrini yake ya kuharibu mambo: akibonyeza hapa injini inashika moto, akibonyeza pale upepo unageuka. Mkaguzi wa siku hiyo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Alimpa mzee moto wa injini, mzee akauzima. Akampa moshi, mzee akashughulika nao bila kupandisha sauti. Mambo yalikwenda sawasawa kwa saa mbili.

"La mwisho, Kapteni," mkaguzi akasema. "Nimekuzimia vyote. Otopailoti hakuna, mtambo wa kasi hakuna. Upepo kidogo wa ubavuni. Njia ile pale unaiona. Tua."

Mzee alitabasamu. Akashika usukani kwa mkono wa kushoto, wa kulia akauweka juu ya vishikio vya injini. Pua ilimtii vizuri tu. Mkono wa kulia ulitulia pale juu, mwepesi, kama wa mtu aliyemwekea mtoto mkono begani wakitembea. Kwa miaka kumi na miwili vishikio vile vilikuwa vikisogea vyenyewe chini ya kiganja chake, na mkono ukivifuata. Sasa havikusogea, na mkono haukusogea. Kasi ikawa mia thelathini na nane, ikawa thelathini na tatu, ikawa ishirini na saba.

"Kasi," akasema kijana aliyepangwa kumsaidia kwenye kiti cha kulia.

"Naona," mzee akajibu. Na kweli aliiona. Ila mkono ulibaki palepale.

Usukani ukaanza kutetemeka, ishara kwamba mabawa yanaishiwa na hewa ya kuyabeba. Hapo ndipo alipovisukuma vishikio mpaka mwisho, kwa nguvu zote, pua ikapaa, njia ikapotea dirishani, picha yote ya dunia ikalala upande. Mkaguzi akaisimamisha mashine.

Waliingia chumba kidogo cha mazungumzo, chenye ubao mweupe, viti vya plastiki na kopo la sukari. Kijana aliombwa akatafute maji ya kunywa, na akaelewa kwamba asirudi haraka.

"Kapteni, hata sijui nianzie wapi," mkaguzi akasema.

"Anzia nilipokosea."

"Mkono wako ulikuwa unasubiri."

Mzee akafanya kama afanyavyo kila mtu aliyeshikwa. Akalaumu kifaa. "Hiyo simuleta yenu haina sauti. Kwenye ndege ya kweli unasikia injini zinavyolegea, mwili unakuambia."

"Sawa. Lakini kasi uliiona. Ukaitikia kabisa."

Mkaguzi akamweleza taratibu zilizobaki: wiki mbili, kipindi kimoja cha mazoezi cha saa mbili, kisha mtihani wa marudio. Akishindwa tena leseni inasimama, na kwa umri wake hakuna atakayehangaika kuirudisha. Ile safari na binti ingekwenda na maji.

"Na wewe?" mzee akauliza, kwa ukali ambao hakuukusudia. "Mkono wako umeutoa wapi, na wote tunaruka ndege zilezile?"

"Kuna klabu ya ndege ndogo nje ya mji. Siku zangu za mapumziko nakwenda kukodi kandege ka viti viwili. Nilianza mwaka ule uliponiandikia barua ya onyo."

Hapo ndipo mzee alipoikumbuka barua. Mkaguzi huyu alikuwa msichana wa kiti cha kulia wakati ule. Asubuhi moja ya anga safi alizima kila kitu akatua kwa mkono, ndege ikagusa chini vizuri ajabu, na rekodi zikamsema. Mzee alimwandikia ukurasa mzima, akaupiga muhuri, akaenda kula chakula cha mchana. Mkaguzi hakuitaja kwa kisasi, alijibu swali tu. Mzee aliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Nyumbani alimweleza mkewe, maana hakuwa na desturi ya kumficha. Mkewe, karani mstaafu wa shule, hakusema pole wala hakulia. Aliuliza: "Sasa unahitaji nini?" Kesho yake walikuwa chumbani, mzee amekaa kwenye kiti cha jikoni, ameshika mfuniko wa sufuria kubwa kama usukani. Kulia kwake kulikuwa na boksi la viatu lililotobolewa, na ndani yake vimesimama vijiko viwili vya mbao, ndivyo vishikio vya injini. Mkewe alikaa ukingoni mwa kitanda na karatasi ya namba, akimsomea kasi.

"Mia thelathini na nane. Thelathini na sita. Thelathini na nne."

Mzee akasukuma vijiko.

"Thelathini na tano. Thelathini na nane. Arobaini. Arobaini na mbili, unapitiliza, Mzee."

Waliendelea hivyo kila asubuhi na kila alasiri. Siku ya tatu kasi ilishuka mpaka thelathini na mbili, kisha ikarukia arobaini.

"Imepandaje? Mimi sijasukuma."

"Nimekuonea huruma," mkewe akasema. "Shati lote jasho."

"Mke wangu, ndege haina huruma."

"Basi angalau iwe na haya."

Wakacheka mpaka mfuniko ukamwanguka. Lakini mkono ulianza kuamka, kidogokidogo. Usiombe kuona mtu mzima anajifunza upya kitu alichowahi kukijua kuliko wote. Kuna uchungu wake, na mzee aliusikia kila siku alipoinuka kwenye kile kiti.

Siku ya tisa binti alipita nyumbani akitoka kazini, na sare yake. Alisimama mlangoni, akaona mfuniko, akaona vijiko, akacheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Baba, na abiria wako umewapanga kabatini?"

"Wamefunga mikanda, usiwasumbue."

"Hebu nipe na mimi."

Akavua viatu akakaa. Boksi likahamishiwa kushoto, kama ilivyo kwa anayekaa kiti cha kulia. Mama yake akaanza kusoma. Mia thelathini na nane, thelathini na tano, thelathini na moja. Binti alikuwa ameushika mfuniko sawasawa, macho mbele, mgongo umenyooka. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya vijiko, umetulia. Ishirini na sita. Ishirini na mbili. Mama yake akamtazama mumewe juu ya karatasi.

"Endelea," mzee akasema.

"Mia kumi na saba. Mia kumi na nne."

"Umeshaanguka, mwanangu."

"Nimeanguka wapi?"

"Kasi."

Binti akautazama mkono wake. "Aa, Baba. Kwenye ndege vinasogea vyenyewe."

"Na visiposogea?"

"Vinasogea."

"Mara ya mwisho kutua umezima kila kitu ilikuwa lini?"

"Kwenye mtihani. Mwezi wa pili."

"Nauliza ndege yenye watu."

Binti akawaza kwa kweli, akiangalia dari. "Sijawahi," akasema. "Si kanuni yako hiyo?"

Hakuisema kwa ubaya. Aliisema kama mtu anayemkumbusha baba yake siku ya kuzaliwa ya shangazi. Mzee alitoka akaenda bafuni, akafungua bomba, akasimama akitazama maji yanavyokwenda. Iliuma, na aliyekuwa akimlilia sasa hakuwa yeye mwenyewe. Yeye aliwahi kuwa na mkono, akauacha ukalala, na ulikuwa ukiamka kwa vijiko. Binti hakuwahi kupewa mkono, hata wa kulala. Alipoingia kazini alikuta umeshaondolewa, na aliyeuondoa ni baba aliyempeleka shule ya urubani akijisifu njia nzima.

Mtihani wa marudio mzee aliufaulu. Kasi haikucheza hata alama tatu, na upepo wa ubavuni ulikuwa mara mbili ya ule wa kwanza. Mkaguzi alimpa mkono, akasaini.

"Na hawa watoto?" mzee akauliza, karatasi iko mkononi.

"Watoto gani?"

"Waliokuja baada ya kanuni."

Mkaguzi akavaa miwani, akaivua. "Kapteni, mimi nakagua kilichoandikwa. Karatasi inataka watue kwa mkono mara moja. Wanajifua wiki nzima, wanatua mara moja, nasaini."

Kesho yake alikwenda kwa mkuu wa safari, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wake zamani, akamwomba aifute kanuni au angalau ailegeze, siku za anga safi vijana waachiwe washike usukani. Mkuu wa safari alimsikiliza kwa heshima. Kisha akamgeuzia skrini. Ulikuwa mchoro wa mafuta, ule alioupanga mwenyewe kwa kikokotoo, sasa umewekewa rangi.

"Kapteni, hii kazi yako tunaionyesha mpaka kwa wageni."

"Nilikosea."

"Hukukosea. Tazama mstari."

"Sizungumzii mafuta. Nazungumzia mikono."

"Mikono gani, Kapteni? Nionyeshe ndege iliyoanguka. Nionyeshe hata tairi lililopasuka." Alisema kwa upole, na alikuwa na haki ya kusema, kwa sababu ndege za kampuni zilikuwa zikitua salama mwaka baada ya mwaka, na mtambo haukuwa umemdhuru mtu. "Lakini kwa sababu ni wewe, tutaunda kamati."

Aliyewahi kuajiriwa popote anajua kamati ni nini. Mzee alishukuru akatoka. Akiwa kwenye ngazi aliamua jambo lake. Siku ya safari yao, anga likiwa safi, angemwambia binti azime vyote atue mwenyewe. Ataitwa ofisini, sawa. Watamfanya nini mtu aliyebakiza wiki nne?

Siku hiyo anga lilikuwa safi kupita alivyoomba. Mkewe alikaa safu ya pili, dirishani, gauni jipya limemkaa vizuri, na alikuwa ameshawaambia majirani wote wa safu ile kwamba mume na mtoto ndio wako mbele. Mzee alitangaza kwenye spika jina la kazi la binti yake, "rubani msaidizi wangu leo," akaongeza kwamba ni mwanawe, na abiria wakapiga makofi. Safari ya saa moja na nusu. Walizungumza kazi tu, kama inavyotakiwa, ila kila binti aliposoma orodha ya ukaguzi mzee alimsikiliza kuliko ilivyohitajika. Alikuwa mzuri, huyo mtoto. Kompyuta aliziongoza kwa ncha za vidole, hakusahau kitu, hakurudia kitu.

Wakaanza kushuka. Njia ya kutua ilionekana mbali, imenyooka. Upepo haukuwepo kabisa.

"Mwanangu," mzee akasema. "Zima vyote. Mtambo wa kasi pia. Tua wewe."

Binti alimgeukia kuona kama ni utani. Kidole gumba kilikwenda kwenye kitufe cha usukani, kile cha kuzima otopailoti, kikakaa juu yake, hakikubonyeza.

"Baba, Mama yuko nyuma."

"Najua."

"Na watu mia na hamsini." Sauti ilikuwa ndogo, ya mtoto wa darasa la pili. "Siwezi. Naogopa."

Kuna maneno ambayo kila mwalimu wa urubani huyasema hapo, naye aliyasema mara elfu katika maisha yake: usiogope, mimi nipo, ukikosea nitachukua. Aliyatafuta mdomoni. Hayakutoka. Alijua angekuwa anamdanganya. Njia ilikuwa ikija, mkewe yuko safu ya pili, na mkono wake yeye ulikuwa na wiki mbili za vijiko vya mbao, saa mbili za simuleta na mtihani mmoja. Kama binti angekosea chini kabisa, karibu na ardhi, hakuwa na hakika kama angewahi.

"Basi iache," akasema.

Mtambo ukawaleta. Vishikio vikasogea mbele, vikarudi, mkono wa binti ukavifuata. Mwishoni kabisa, kama kanuni inavyoruhusu, alichukua usukani na kuligusisha gurudumu chini polepole, na abiria wakapiga makofi tena. Baba na binti hawakutazamana mpaka ndege iliposimama.

Mlango ulipofunguliwa mpiga picha alikuwa akingoja. Mkewe akaja akawakumbatia wote wawili kwa pamoja, na hapo mzee akashindwa, akalia mbele ya watu, mabega yanatikisika. Abiria waliokuwa wakishuka walimpiga bega kwa upendo. Mama mmoja mtu mzima alimwambia, "Mungu amekupa, baba, shukuru." Binti alikuwa amemshika mkono kwa nguvu sana, na hakulia. Picha ilitoka kwenye jarida la kampuni, ukurasa wa kwanza, chini yake wameandika: Machozi ya furaha. Mkewe aliomba nakala tatu, na mzee hakumweleza kitu. Ni jambo pekee alilomficha katika ndoa yao yote.

Sasa amestaafu. Binti alikwenda mara mbili kwenye ile klabu ya nje ya mji, akaruka na mkaguzi kwenye kandege ka viti viwili, akarudi anasimulia huku macho yanang'aa. Kisha ratiba ikambana, akapata safari za mbali, na siku za mapumziko anazimaliza usingizini kama wenzake wote. Kamati ilikaa kikao kimoja.

Kila asubuhi mzee hufungua simu na kusoma hali ya hewa ya huko binti anakokwenda. Hutazama upepo kwanza. Kukiwa shwari hunywa chai yake. Kukiwa na upepo, chai hupoa mezani, na mkewe siku hizi haulizi tena, huichukua akaipashe moto. Ikifika saa ya ndege kutua, huketi na simu gotini mpaka ujumbe uingie, Tumefika, Baba. Naye humwandikia swali lilelile la siku zote: Nani ametua?

Mtambo, Baba.

Hapo humshukuru Mungu, kwa moyo wake wote, na baada ya kushukuru hulala kitandani ameugeukia ukuta, mchana kweupe, kwa aibu ya alichoshukuru.